Kumuulizia Sleyum

Wifi yangu Mwanamize aliingia nyumbani kwangu Hail, hapa Maskati, bila ya kupiga hodi, na hata abaya hakuvua. Nilikuwa ndiyo kwanza nimesali adhuhuri, bado niko juu ya msala, tasbihi mkononi. Alisimama mlangoni, mkoba kwapani, anahema kama mtu aliyekuja kwa miguu kutoka Qurum, na huku nje nikimsikia dereva wa mwanawe anageuza gari.

"Nasriya," akasema, "mmekwenda kuposa bila ya kunambia mimi?"

"Waalaykum salaam," nikamjibu.

"Assalaam alaykum. Haya, nijibu."

"Kuposa nani, wifi?"

"Ndiyo nnakuuliza wewe! Mimi si shangazi yake? Kaka yangu angekuwa hai, Mungu amrehemu, angethubutu kumpelekea mtoto posa mimi sina habari? Leo nimo jikoni, mikono yote unga, napigiwa simu na watu nisiowajua wananiuliza habari za Sleyum. Nikababaika! Najifanya najua, kumbe sijui kitu!"

Sleyum ni mwanangu wa mwisho. Ana miaka kumi na minane, skuli kamaliza mwaka huu, na tangu azaliwe sijamsikia akitaja mke, anachotaja ni chakula. Lakini nilimwelewa Mwanamize kwa nini moto umempanda. Kwetu sisi, posa ikipelekwa haijibiwi papo hapo. Upande wa binti huomba muda, na muda ule ni wa kumuulizia kijana. Anasali? Ana hasira? Mama yake anamsikiliza? Wanaouliza ni wanawake, na simu haziendi kwa mama, kwa sababu mama atasema nini zaidi ya kusifu? Zinakwenda kwa shangazi. Na shangazi asiyejua kuwa mtoto wa kaka yake ameposa ni shangazi aliyedharauliwa.

"Kaa kwanza," nikamwambia. "Sijaposa pahala popote. Nani aliyekupigia?"

"Mwanamke. Kajitaja jina lake Lamya. Kiswahili chake chetu chetu, mtoto wa watu, adabu tele. 'Khalti, tumemsikia vizuri kijana wenu, tunataka kumjua zaidi kabla hatujaamua.' Kabla hatujaamua! Sasa hiyo kama si posa ni nini?"

"Ukamwambia nini?"

Hapo akakaa, akajilegeza kidogo, maana kazi aliyoifanya aliiona nzuri.

"Nimemsifu mpaka nimechoka mwenyewe. Kaniuliza, akichokozwa huwaje? Nkamwambia, huyo kukasirika hakujui. Ukimsukuma, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Ukimkalia njiani, anakupisha. Kaniuliza, ana nguvu? Hapo nkaona haya, lakini wasichana wa siku hizi wanauliza kila kitu, nkamwambia mashaallah. Kisha kaniuliza, na mchezo je, yukoje katika mchezo? Nkamwambia, mwanangu, mtoto wetu hana michezo! Hana kuzurura, hana mipira. Nyumbani na msikitini."

"Akasemaje?"

"Kauliza tena, hana mchezo kabisa? Nkamwambia kabisa, wala usiwe na wasiwasi."

Sleyum alikuwa ametoka chumbani kwake, kajaa katika mlango, maana ni mrefu na mabega yamempanuka. Alikuwa ameyasikia ya mwisho. Akanyoosha mkono taratibu.

"Shangazi, hebu nione hiyo nambari."

Akaitazama. Kisha akakaa chini kwenye zulia, mgongo ukutani, simu ya shangazi yake mapajani.

"Mama," akasema, "Lamya ni meneja wa timu."

"Timu ya nini?" akauliza Mwanamize.

"Ya hoki, shangazi. Hoki ya barafu. Wanachagua vijana wa kwenda mashindano Kuwait, na kocha anataka kujua kila mtu kwao yukoje. Mimi ni beki. Unajua beki? Yule anayewazuia watu wasipite." Akajishika kichwa. "Na wewe umewaambia nikikaliwa njiani nampisha mtu."

Mwanamize akaitazama simu yake mapajani kwa Sleyum kama imemdanganya.

"Angesema mwanzo kuwa wa timu!" akasema.

"Alisema. Lazima alisema."

"Labda alisema. Mimi niliposikia 'kijana wenu' na 'kabla hatujaamua', akili ilishakwenda kwenye halua na mahari. Lete simu. Nnampigia sasa hivi. Ntamwambia mkorofi. Ntamwambia mwaka jana alimvunja mtu mkono."

"Sijamvunja mtu mkono!"

"Kidole, basi."

"Hapana atakayepiga simu," nikasema.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Nafasi ya beki ilibaki moja. Walioitamani ni wawili, mwanangu na kijana mmoja wa Hamriya, Yazan. Kesho yake kulikuwa na mazoezi ya mwisho mbele ya kocha Hatem, na baada ya hapo anataja majina. Mwaka jana Sleyum alifika mpaka hapo hapo akarudishwa. Safari hii alikuwa na matumaini, hata mimi nilikuwa nayo, na siyo kwa sababu ya umama.

Marehemu mume wangu ndiye aliyempeleka uwanja wa barafu, udogoni, siku ya Idi moja, wakati wenzake wanataka bahari na yeye anataka kwenda kuona theluji. Hapana theluji, kuna barafu imetandazwa ndani ya jengo, na nje jua linachoma mpaka huwezi kushika mlango wa gari. Basi yule mtoto akaganda huko. Baba yake akawa anakaa jukwaani na koti juu ya kanzu, kila wiki. Alipofariki, na mimi nikamaliza eda yangu, Sleyum hakuwa na leseni bado. Nikawa nampeleka mimi. Nikalivaa koti lile lile, nikakaa.

Mchezo wenyewe sikuujua na sikuwa na wa kunifundisha. Wanakimbiza kisahani cheusi kwa fimbo, na macho yangu hayakiwezi kisahani kile, kinapita kama nzi. Basi nikaacha kukitafuta. Nikawa namtazama mwanangu tu, toka anapoingia mpaka anapotoka. Ukimtazama mtu mmoja miaka, utamjua. Nikaona kuwa kazi ya beki ni kwenda kinyumenyume. Mwenzake anamjia mbio na yeye anarudi nyuma, uso kwa uso, hamsogelei mno, hamwachii mno, anamsukumia pembeni kidogo kidogo mpaka ukuta unamsaidia. Sleyum hilo analiweza. Miguu yake inarudi nyuma kama mtu anayejua nyumba yake gizani. Na hampigi mtu kwa hasira, Mwanamize hakusema uongo kwa hilo. Anasimama tu pale unapotaka kupita.

Lakini ana ila moja, na yeye mwenyewe anaijua. Siku ile, shangazi yake alipokwenda kujitengenezea chai, akanisogelea.

"Mama, kesho wakikuuliza wewe."

"Wakiniuliza, ntasema ninalolijua. Wasiponiuliza, ntanyamaza."

"Ile nyengine usiseme."

Nilimtazama. Ile nyengine ni kuwa akipitwa, husimama. Mtu akimghilibu mara moja akapita, Sleyum hugeuka jiwe. Fimbo magotini, kichwa chini, anajilaumu, na wakati anajilaumu yule mwenziwe ameshafika kwa kipa. Mwaka jana ndiyo iliyomrudisha.

"Siendi kuisema barabarani," nikamwambia. "Lakini nikiulizwa siifichi. Mtu anapokuuliza habari za mtu kwa sababu anataka kumwamini, ukimpamba umemdhulumu aliyeuliza, na umemdhulumu na uliyempamba."

"Hiyo ya ndoa, mama."

"Ya ndoa, ya safari, ya biashara, yote moja."

Akenda kuvitia viatu vyake vya chuma kwenye begi.

Kesho yake Mwanamize alikuja bila kualikwa, kavaa abaya yake nzuri na kabeba blanketi la kitandani. "Nimeharibu, lazima nitengeneze," akasema. Nikamwambia kutengeneza kwake iwe kunyamaza. Akasema inshallah, kwa ile sauti ya inshallah ambayo maana yake siyo.

Baridi ya mle ndani ilimpiga usoni tulipofungua mlango. "Ya Latifu! Watu wanalipa kuja kuteseka?" Tukakaa safu ya kati. Chini vijana walikuwa wameshaingia, wote helmeti na magodoro kifuani, huwezi kumtambua mtu ila kwa nambari na mwendo. Mimi nilimtambua mwanangu kabla hajageuka. Kocha Hatem alikuwa katikati, mtu mwembamba, hana maneno mengi, anapiga filimbi na kuonyesha kwa mkono.

Lamya nilimwona pembeni ya uwanja, msichana wa shela nyeusi na koti jekundu la timu, kashika kalamu. Alituangalia, akaangalia blanketi la Mwanamize, akatabasamu.

"Ndiye yule," akaninong'oneza Mwanamize. "Mzuri! Ana mume?"

"Wifi."

"Nauliza tu."

Wakaanza na mmoja mmoja. Mshambuliaji anatoka na kisahani huku, beki anampokea kule, mmoja lazima ashinde. Yazan alikwenda mwanzo. Kijana mzuri, mwepesi, fimbo inamtii mkononi, alimnyang'anya wa kwanza na wa pili kwa kumchomolea tu kisahani miguuni. Mama yake alikuwa safu ya mbele yetu, nilimwona anasoma dua, na mimi nikamwombea naye, maana hapana mama anayemzidi mwengine kwa kutaka.

Kisha Sleyum. Wa kwanza aliyemjia alimrudisha nyuma mpaka pembeni, akamgandamiza ukutani, bega kwa bega, mlio ukasikika. Akamchukulia kisahani akatoa pasi ndefu kwa upande wa pili, ikafika pale pale kwenye fimbo ya mwenziwe. Hatem alitikisa kichwa kidogo, kukubali.

"Msukumee!" Mwanamize akapiga ukelele. "Usimpishe! Muuaji huyo!"

Watu wakageuka. Lamya kaziba mdomo kwa kalamu. Nilimfinya wifi yangu paja mpaka akasema "ai".

Wa pili akamzuia. Wawili walipomjia pamoja, hakumkimbilia mwenye kisahani kama wanavyofanya wageni wa kazi hii, alikaa katikati, fimbo chini, akaikata njia ya pasi, akamwacha yule apige kutoka mbali, kipa akadaka bila taabu. Nikasema alhamdulillah. Nilijua anaposimama vizuri hivyo moyo wake umetulia.

Kisha wakagawanywa timu mbili wacheze. Na upande wa pili alikuwako Humam.

Huyu Humam ndiye mkubwa wao kwa umbo, na watu husema wakubwa wazito, lakini yeye hakuambiwa. Alimjia Sleyum kutoka mbali, akajifanya anaingia ndani, bega na kichwa vyote vikaingia ndani, Sleyum akaingia naye, na hapo Humam akatoka nje kwa mguu mmoja, akampita kama mlango ulioachwa wazi. Goli.

Na mwanangu akasimama. Pale pale alipopitwa. Fimbo magotini, kichwa chini. Wenzake walishazunguka kurudi katikati, yeye bado yuko pale, barafu yote nyeupe na yeye peke yake.

"Ana nini?" akauliza Mwanamize. "Kaumia?"

"Hakuumia."

Alitoka akenda kukaa benchi, mwisho kabisa, hakuivua helmeti. Nilimwona Hatem amemtazama yeye, kisha akamtazama Lamya, na Lamya akaanza kupanda ngazi kuja kwetu. Nilijua anachokuja kuuliza.

"Assalaam alaykum, khalti. Wewe ndiye Ummu Sleyum?" Akanibusu mkono, akakaa. Kisha akamgeukia Mwanamize. "Na wewe ndiye uliyenambia kijana hana mchezo?"

"Nilidhani unataka kumwoza," akasema Mwanamize. "Samahani, mwanangu. Lakini kwani wewe umeolewa?"

Lamya akacheka mpaka akainama. "Wallahi nilimwambia Hatem, ama huyu siye, ama kwao hawajui anakokwenda miaka yote hii." Kisha kicheko kikamwisha, akanishika mkono. "Khalti, nilikupigia wewe mwanzo hukupokea, ndipo nkampigia shangazi, nambari yake imo kwenye fomu. Nnataka kukuuliza kitu kimoja. Akikosea nyumbani, huwaje?"

Mwanamize akaniwahi. "Huwa mkali! Anavunja vitu!"

"Wifi, nyamaza."

Nilikuwa na njia ya kuliruka. Ningesema, ah, kijana kama vijana wengine. Hapana uongo ndani yake, na hapana kitu ndani yake pia. Yazan alikuwa uwanjani anacheza vizuri. Mama yake kule mbele midomo inacheza. Nikamwambia Lamya kama nilivyokuwa ningemwambia mama wa binti.

"Hujifungia," nikasema. "Hamkasirikii mtu, anajikasirikia mwenyewe. Mwaka huu kapata leseni, akairudisha nyuma gari ya marehemu baba yake akaigonga nguzo ya geti. Taa ikavunjika, basi. Hapana aliyemgombeza. Akaingia chumbani, hali, hasemi, kila nikigonga ananambia niache."

"Akatokaje?"

"Nilimgongea nikamwambia, toka, chukua ufunguo, kairudishe tena gari ile ile pale pale. Alinuna, lakini alitoka. Na aliirudisha vizuri."

"Kwa hivyo akigongewa hutoka."

"Hutoka."

"Na kama hapana wa kumgongea?"

Chini nilimwona yuko vile vile mwisho wa benchi.

"Basi hukaa," nikasema. "Mpaka leo sijamwona akitoka mwenyewe. Kuiona ntapenda, lakini sijaiona."

Akanishukuru. Hakuonyesha kitu usoni. Akashuka, akamwinamia Hatem akamwambia maneno machache, na Hatem akasikiliza huku macho yako uwanjani.

"Umemponza mtoto," Mwanamize akanambia. Sauti yake haikuwa ya mzaha. "Mimi nilimwambia uongo mzuri, wewe umemwambia kweli mbaya."

"Wameuliza kwa wema."

"Na kaka yangu aliyekaa kwenye baridi hii miaka yote?"

Hilo liliniingia, siwezi kusema halikuniingia. Lakini nilimjua mume wangu. Alikuwa mtu ambaye akiuza kitu anakuonyesha kwanza pale penye ufa. Nikaishika tasbihi, nikatulia.

Nilidhani Hatem atakwenda amwambie Sleyum neno. Hakwenda. Alipita kwenye benchi akawaambia wengine kitu, na nikaona wale waliokaa karibu na mwanangu wanageuza nyuso zao. Yule aliyekuwa amemwekea mkono begani akauondoa. Hapana aliyemsemesha. Nikafahamu. Anataka kuona kama atatoka bila ya kugongewa, na mimi ndiye niliyempa hiyo habari.

Kisha akaonyesha kwa kidole, nambari ya Sleyum, na kwa kidole kile kile, ya Humam.

Wakaingia. Mara ya kwanza Humam hakupata kisahani. Mara ya pili alipata, akatoka nacho mbali, kama mwanzo. Mtu akishafanikiwa na njia moja haachi kuirudia. Sleyum akarudi kinyumenyume, uso kwa uso naye, na mimi nikawa naitazama miguu yake. Humam akaingia ndani kwa bega. Sleyum safari hii hakuingia naye. Akamngoja nje. Na Humam, mwerevu yule, akaona, akapitisha kisahani katikati ya miguu ya mwanangu, akakifuata kwa ndani.

Kapitwa tena.

Mwanamize akajifunika blanketi usoni.

Nilimwona amekakamaa. Nilimwona, hapana mwengine aliyejua kuangalia pale ila mimi, na Hatem. Magoti yakataka kujifunga, kichwa kikashuka, na nikasema moyoni, ya Rabbi, siombi azuie, naomba ageuke.

Akageuka.

Sijui aliigeuzaje ile miguu. Chuma kilichimba barafu, vumbi jeupe likaruka, na akawa anamkimbiza Humam kwa mbele sasa, siyo kinyumenyume, ameinama, anapiga hatua ndefu, anamkosa kwa mkono, anampata. Humam akanyanyua fimbo apige, kipa ameshalala upande mmoja, na Sleyum akajitupa kifudifudi, fimbo mbele, mkono wote umenyooka, akakigusa. Kukigusa tu. Kisahani kikatoka pembeni ya mlingoti, wao wawili wakenda wakagonga ukuta pamoja.

Na hakulala. Aliamka kabla ya Humam, akakifuata kisahani pembeni, akainua kichwa akatafuta, akatoa pasi.

Mwanamize alitoa uso kwenye blanketi. "Kafanya nini? Kafanya nini? Nambie!"

"Kapitwa," nikamwambia. Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa nacheka. "Kapitwa kisha karudi."

Walipomaliza, Hatem alizungumza na wazee mmoja mmoja, wachezaji wao wakiwa pembeni. Kwa mama Yazan alikaa sana. Nilimwona Yazan kainamisha kichwa, na mama yake kamshika shingo kwa nyuma, kwa hivyo nilijua kabla hajatufikia. Furaha yangu nikaifunika pale, siyo pa kuionyesha.

Tulikuwa tumeshuka kukaa safu ya mbele, na Hatem akaja akaegemea ukuta wa uwanja. Sleyum kavua helmeti, nywele zimemganda, mdomo umepasuka kidogo. Hatem alisema naye kwa Kiarabu, polepole, kama daktari.

"Kurudi nyuma kwako kuzuri kuliko wote waliopo hapa. Pasi yako ya mwanzo nzuri. Unasoma mchezo. Fimbo ya kushoto dhaifu, kupiga kwako golini hakumtishi mtu. Mtu mwepesi akikubadilishia njia unachelewa, na Kuwait utawakuta wepesi kuliko Humam. Na nilikuwa na khofu ya jambo jengine, mama yako katwambia kweli, hakutuficha."

Sleyum alinitazama.

"Ile nyengine?" akaniuliza kwa Kiswahili.

"Ile nyengine."

Sikumwomba radhi, wala hakunitaka nimwombe.

"Ulipogeuka mara ya pili," Hatem akaendelea, "ulikuwa unafikiri nini?"

"Sijui," akasema Sleyum. "Hapana aliyenisemesha benchi nzima. Nikachoka kukaa."

Hatem akacheka, mara ya kwanza siku ile. "Zuri. Kuwait unakwenda. Lakini nisikilize, huanzi. Nna mabeki waliokutangulia. Utakaa benchi, na pengine mechi nzima utakaa, mpaka nikuite."

"Benchi?" Mwanamize akaruka, kwa Kiarabu chake na Kiswahili chake pamoja. "Mtoto wa kaka yangu umchukue mpaka Kuwait ukamkalishe benchi? Kwani hapa Maskati hapana mabenchi? Kama hamumtaki semeni, kuna watu..."

Mimi sikumsikiliza. Nilikuwa namtazama Sleyum, kama nilivyozoea. Neno benchi lilimpiga. Nililiona limeingia, nikaona macho yameshuka kwenye ncha za viatu, na nikajizuia mkono wangu usimguse.

Akainua kichwa.

"Shangazi, subiri kwanza," akasema. Kisha akamgeukia kocha. "Mazoezi kesho saa ngapi?"

"Baada ya alfajiri. Barafu tunapewa mapema."

"Naweza kuja kabla? Na Humam, kama atakubali. Anionyeshe ile ya katikati ya miguu."

Hatem akamwita Humam kwa filimbi. Humam akaja kwa kuteleza, kijana mkubwa vile, anatabasamu, na wakaanza kupangana wao kwa wao, nani atapita kumchukua nani, na mlango wa nyuma unafunguliwa na nani. Mimi nikalivua koti nikaanza kumtafutia Mwanamize viatu vyake chini ya blanketi, maana alikuwa amevivua na miguu imemfa ganzi.